Ahadi za viwanda hazikusafisha moshi wa magari, sheria ndizo zilizousafisha

DESEMBA 16, 2025, Tume ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza kulegezwa kwa mojawapo ya sheria kali zaidi kuwahi kuwekewa viwanda vya magari. Kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka wa 2023, hakuna gari dogo jipya litakalouzwa katika mataifa wanachama kuanzia mwaka wa 2035 ambalo lingeruhusiwa kutoa hata gramu moja ya gesi ya kaboni kwenye bomba lake la moshi. Pendekezo la Desemba lilitaka upunguzaji huo uwe wa asilimia 90 badala ya 100. Asilimia 10 iliyosalia ingefidiwa kwa njia nyingine, kama vile kutumia chuma kilichofuliwa barani humo bila uchafuzi mkubwa, au fueli zisizotokana na mafuta ya ardhini.

Pendekezo hilo lilihitaji idhini ya Bunge la Ulaya na ya serikali za nchi wanachama kabla ya kuwa sheria. Hata hivyo, kutolewa kwake kulitosha kugawanya bara hilo. Viwanda vilisema kuwa hatua hiyo haikutosha. Watetezi wa mazingira nao walisema kuwa mlango ukishafunguliwa kidogo, haupiti muda kabla ya kuachwa wazi kabisa.

Kwa mwananchi anayesubiri gari lake katika bandari ya Mombasa, mabishano ya Brussels yaweza kuonekana kama ngoma inayolia kijiji cha mbali. Ukweli ni kuwa Kenya haiundi injini. Viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa huunganisha malori, mabasi na magari mengine kwa vipuri vinavyoundwa ng'ambo, na magari madogo mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumiwa kwingine, hasa Japani. Moshi utakaovutwa na watoto wa Eastleigh au Changamwe miaka saba ijayo unaamuliwa leo katika vyumba vya mikutano ambamo Kenya haina kiti.

Kwa hivyo, swali lililofufuliwa na mjadala huo lina uzito hata huku. Je, malengo ya mazingira yamewahi kulibadilisha gari lenyewe, au ni maneno ya kupamba matangazo ya biashara? Historia ya zaidi ya nusu karne inatoa jibu lisilo na utata mwingi. Gari limebadilika, tena sana. Lakini limebadilika pale tu lengo lilipokuwa na tarehe, kipimo cha haki na adhabu ya kuuma. Pale ambapo kimojawapo kilikosekana, moshi ulipata pa kupitia.

Lisilowezekana lilivyowezekana

Mapema katika miaka ya sitini, wakazi wa Los Angeles walikuwa wamezoea siku ambazo ukungu wa moshi uliwawasha macho na kuificha milima iliyo karibu na mji wao. Jimbo la California likawa la kwanza nchini Marekani kuweka viwango vya moshi wa magari, kuanzia magari ya mwaka wa 1966. Desemba 31, 1970, Rais Richard Nixon alitia sahihi Sheria ya Hewa Safi, ambayo mtetezi wake mkuu bungeni alikuwa Seneta Edmund Muskie. Sheria hiyo ilivitaka viwanda vipunguze sumu kuu katika moshi wa magari mapya kwa asilimia 90, katika muda wa miaka mitano hivi.

Vifaa vya kutimiza agizo hilo havikuwa tayari sokoni wakati huo. Wabunge waliweka lengo kwanza, wakawaachia wahandisi kazi ya kutafuta njia. Kampuni kubwa za Detroit zililalamika kuwa jambo hilo halingewezekana na kuwa bei ya magari ingepanda kupita kiasi. Makataa yakasogezwa mbele zaidi ya mara moja. Hata hivyo, magari mengi ya Marekani ya mwaka wa 1975 yalitoka viwandani yakiwa yamefungwa kifaa cha kusafisha moshi, ambacho hugeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zenye madhara madogo kabla ya kutoka nje. Honda, iliyokuwa bado kampuni changa katika biashara ya magari, iliunda injini iliyoitwa CVCC ambayo ilitimiza viwango hivyo bila hata kuhitaji kifaa hicho. Jambo lililosemekana kuwa muhali likawa bidhaa ya kawaida.

Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani linakadiria kuwa gari jipya la siku hizi ni safi kwa takriban asilimia 99 kuliko lile la mwaka wa 1970, ukipima sumu za kawaida za moshi. Mafanikio hayo hayakutokana na huruma ya wenye viwanda.

Yalizaa pia tunda jingine. Kifaa cha kusafisha moshi huharibiwa na madini ya risasi, ambayo wakati huo yalichanganywa katika petroli ili injini isigonge. Sheria ya magari ikalazimisha mafuta nayo yabadilike. Risasi, ambayo hudhuru akili za watoto, ilianza kuondolewa vituoni, ingawa Afrika ilichelewa kufikiwa na neema hiyo.

Hatimaye, Juni 2001, wajumbe wa mataifa yaliyo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiaga petroli yenye risasi. Kazi ya kuratibu ilifanywa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Kufikia mapema mwaka wa 2006, eneo hilo lote, Kenya ikiwamo, lilikuwa limeiacha. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo, Julai 2021. Hapo Afrika ilionyesha kuwa nayo, ikipewa tarehe na ikiamua kuifuata, hutimiza lengo.

Deni lisilo na mdai

Ulaya ilianza kwa kuchagua njia ya upole. Mwaka wa 1998, chama cha waundaji magari wa bara hilo, ACEA, kiliahidi kwa hiari kwamba kufikia mwaka wa 2008 wastani wa gesi ya kaboni kutoka kwa magari mapya ungeshuka hadi gramu 140 kwa kila kilomita. Ilipotolewa ahadi hiyo, wastani ulikuwa juu ya gramu 180. Serikali ziliridhika, na sheria ikawekwa kando.

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Deni hili, hata hivyo, halikuwa na mdai. Mwaka wa 2008 ulipofika, wastani ulikuwa ungali juu ya gramu 150, na hakuna kampuni iliyolipa hata senti moja. Ndipo mwaka wa 2009 Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria kamili: gramu 130 kufikia mwaka wa 2015, kisha gramu 95 kuanzia mwaka wa 2020. Kampuni ambayo ingevuka kiwango chake ingefikia kutozwa euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, zikizidishwa kwa idadi ya magari iliyouza.

Hesabu hiyo si ya mzaha. Kampuni inayouza magari milioni moja kwa mwaka na kuvuka kiwango kwa gramu tano tu ingepaswa kulipa euro milioni 475. Faida ya mwaka mzima ingeweza kumezwa na gramu chache.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Lengo la mwaka wa 2015 lilitimizwa kabla ya wakati wake. Kisha, kwa miaka kadhaa ambapo hapakuwa na makataa mapya, wastani ukaanza hata kupanda tena, ukafikia gramu 122 mwaka wa 2019. Sheria ya gramu 95 ilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2020, wastani ulishuka hadi gramu 108 katika mwaka mmoja. Sehemu ya magari ya umeme katika mauzo, yakiwamo yale yanayochajiwa huku yakitumia petroli pia, iliruka kutoka asilimia 3.5 hadi zaidi ya asilimia 11. Viwanda vilikuwa na ujuzi huo tangu awali. Vilichosubiri ni sababu ya kuutumia.

Mambo hayo yanafanana sana na yaliyotukia miaka ya karibuni. Mwaka wa 2021, kampuni ya Volvo ilitangaza kuwa kufikia mwaka wa 2030 ingeuza magari ya umeme pekee. Mercedes-Benz na tawi la Ford barani Ulaya nazo zilitoa matangazo ya aina hiyo mwaka huo huo. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2024, zote tatu zilikuwa zimerudi nyuma, zikitaja soko lililopoa na wateja waliosita. Hazikuvunja sheria yoyote, kwa kuwa walichopewa wateja ni neno tu.

Mtahiniwa aliyejua maswali

Tarehe na faini peke yake havitoshi. Kipimo nacho kinaweza kuchezewa, na hakuna kisa kinachodhihirisha hilo zaidi ya kile cha Volkswagen.

Magari ya dizeli yalipendwa sana Ulaya kwa kuwa hutoa gesi ya kaboni kidogo kuliko ya petroli. Kasoro yao ni gesi za oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu. Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia nchini Marekani, kwa ombi la shirika la utafiti la ICCT, walifunga vipimo kwenye magari ya dizeli na kuyaendesha barabarani. Walishangaa kuona moshi tofauti kabisa na ule uliokuwa umepimwa katika maabara.

Septemba 18, 2015, serikali ya Marekani ilitangaza kuwa Volkswagen ilikuwa imetia kwenye magari hayo programu ya kompyuta iliyotambua wakati gari linapopimwa. Likiwa katika maabara, gari lilisafisha moshi wake kikamilifu. Likirudi barabarani, lilitoa gesi hizo hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni yenyewe ilikiri kuwa takriban magari milioni 11 kote duniani yalikuwa na programu hiyo. Afisa wake mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku chache baadaye. Mwaka wa 2017, kampuni hiyo ilikubali makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 4.3, mbali na mabilioni mengine ya kuwafidia wenye magari.

Gari hilo lilikuwa kama mtahiniwa aliyeyapata maswali kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Lakini hata kampuni ambazo hazikuvunja sheria zilikuwa zimejifunza kuukariri mtihani. Utafiti wa ICCT ulionyesha kuwa pengo kati ya matumizi ya mafuta yaliyotangazwa na yale ya barabarani barani Ulaya lilipanuka kutoka asilimia 9 mwaka wa 2001 hadi asilimia 42 mwaka wa 2015. Sehemu kubwa ya maendeleo yaliyosherehekewa ilikuwa ya karatasi.

Kuanzia Septemba 2017, Ulaya ilibadilisha mtihani wenyewe. Maabara zilipewa kipimo kinachokaribia uendeshaji wa kweli, na moshi wenye sumu ukaanza kupimwa barabarani. Isitoshe, magari mapya yakaagizwa kuhifadhi kumbukumbu ya mafuta yanayotumia. Kumbukumbu hizo zimekwisha kufichua jambo jingine. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya mwaka wa 2024 ilionyesha kuwa magari yanayochajiwa huku yakitumia petroli pia hutoa gesi ya kaboni mara tatu na nusu ya kiwango kilichotangazwa, kwani wenye magari wengi huendesha kwa petroli na hawayachaji inavyotakikana.

Aidha kuna mwanya wa ukubwa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1975 kuhusu matumizi ya mafuta iliruhusu malori madogo yawe na kiwango hafifu kuliko magari ya kawaida. Viwanda vikaanza kuunda magari ya familia yenye umbo la kuhesabiwa kama malori. Ulaya nayo kwa miaka mingi iliruhusu kampuni inayouza magari mazito itoe gesi zaidi. Leo magari makubwa ya aina ya SUV ni takriban nusu ya magari mapya yanayouzwa duniani. Injini zimekuwa safi, lakini sehemu ya usafi huo imeliwa na uzito.

Mashariki yatangulia

Wakati Ulaya ikivutana, China ilikuwa imepiga hatua. Mwaka wa 2020, serikali yake ilitangaza lengo la kuhakikisha kuwa magari ya umeme na yale yanayochajiwa yanafikia asilimia 20 ya mauzo kufikia mwaka wa 2025. Lengo hilo lilipitwa mwaka wa 2022, miaka mitatu kabla ya wakati. Mwaka wa 2024 magari hayo yalikaribia milioni 13, kati ya jumla ya milioni 31 yaliyouzwa na viwanda vya nchi hiyo.

Siri ya China si matangazo. Kwa miaka mingi serikali ilimimina fedha za ruzuku, na kuanzia mwaka wa 2018 ikaweka utaratibu unaomlazimu kila muundaji kupata alama za magari safi au kuzinunua kwa mshindani wake. Mwenye kubaki nyuma humlipa mwenye kutangulia. Hata hivyo, sifa hizo zina kivuli chake. Zaidi ya nusu ya umeme wa China hutokana na makaa ya mawe, na gari lisilo na bomba la moshi huwa limeuhamisha moshi wake hadi kwenye mtambo wa umeme.

Norway, inayotegemea umeme wa maji, ilikwenda mbali zaidi. Karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa humo mwaka wa 2024 yalikuwa ya umeme pekee, kutokana na kodi kubwa zinazotozwa magari ya petroli na dizeli kwa miaka mingi.

Marekani imechukua mkondo wa kinyume. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ilikomesha, kuanzia Septemba 30 mwaka huo, nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme. Sheria hiyo hiyo ilishusha hadi sifuri faini ya kampuni zinazovuka viwango vya matumizi ya mafuta. Viwango vilibaki vitabuni, lakini sheria isiyo na adhabu haitofautiani sana na ile ahadi ya mwaka wa 1998.

Nje ya bomba la moshi

Hata gari la umeme halizaliwi likiwa safi. Chuma chake hufuliwa katika matanuri ya makaa, na betri yake huhitaji umeme mwingi kutengenezwa. Ndiyo maana gari hilo hutoka kiwandani likiwa na deni la kaboni kubwa kuliko la petroli, kisha hulilipa polepole likiwa barabarani. Kasi ya kulipa hutegemea umeme linaotumia.

Juhudi za kusafisha viwanda vyenyewe zimeanza. Toyota ilitangaza mwaka wa 2015 kuwa kufikia mwaka wa 2050 viwanda vyake havitatoa gesi ya kaboni. Agosti 2021, kampuni ya SSAB ya Sweden iliwasilisha kwa waundaji malori wa Volvo shehena ya kwanza ya chuma kilichotengenezwa kwa haidrojeni badala ya makaa. Ni mwanzo mwema, ila bado ni tone katika bahari.

Deni jingine la betri linalipwa karibu zaidi na Afrika Mashariki. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa karibu na mji wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na machimboni. Mwaka wa 2016, shirika la Amnesty International lilieleza jinsi watu wazima na watoto walivyochimba madini hayo kwa mikono, bila vifaa vya kujikinga. Sheria za Ulaya na Marekani zilizohesabu gramu za moshi kwa makini hazikuwa na mahali pa kuuhesabu mgongo wa mtoto huyo.

Mambo yameanza kubadilika kwa sababu mbili. Karibu nusu ya betri za magari ya umeme zilizotumika mwaka wa 2024 zilikuwa za aina isiyohitaji kobalti. Pili, sheria ya Ulaya ya mwaka wa 2023 inaagiza kuwa kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari la umeme inayouzwa huko iwe na pasipoti ya kidijitali yenye taarifa zake. Kuanzia mwaka wa 2031, angalau asilimia 16 ya kobalti iliyo katika betri mpya itapaswa kutokana na mabaki yaliyotumiwa upya.

Mzigo wa Mombasa

Mwanya mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haumo katika maabara wala mgodini. Umo baharini. Sheria karibu zote zilizotajwa hulitazama gari likiwa jipya. Likizeeka na kuvuka mpaka, hesabu yake hufungwa, kana kwamba moshi wake umekoma.

Kwa mujibu wa ripoti ya UNEP ya mwaka wa 2020, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka wa 2015 na 2018. Kundi kubwa zaidi lililetwa Afrika. Kati ya nchi 146 zilizochunguzwa, takriban thuluthi mbili zilikuwa na sheria dhaifu kuhusu magari hayo. Wakaguzi wa Uholanzi waligundua kuwa mengi ya yale yaliyosafirishwa kutoka bandari zao kuja Afrika yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, bila cheti cha kuruhusiwa barabarani. Vifaa vya kusafisha moshi, vyenye madini ghali ya platinamu na paladiamu, mara nyingine huwa vimeng'olewa kabla ya safari.

Kenya imejikinga kuliko majirani wengi. Kiwango cha KS 1515 kinapiga marufuku kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Tangu Januari 2015, mataifa ya Afrika Mashariki yalikubaliana pia kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli chafu huvisonga vifaa vya kusafisha moshi, kwa hivyo hatua hiyo iliyapa magari bora nafasi ya kubaki bora.

Lakini kipimo cha Kenya ni cha umri zaidi kuliko cha moshi. Gari likishapewa nambari ya usajili, wachache huuliza iwapo kifaa chake cha kusafisha moshi kingalipo. Na sasa linakuja jaribio ambalo miaka minane haikuandaliwa kulipima. Waundaji wengi wa magari ya umeme hudhamini betri zao kwa miaka minane au kilomita 160,000. Gari la umeme litakaloteremshwa Mombasa likiwa na umri wa miaka saba na nusu litakuwa halali kabisa kisheria, ilhali dhamana ya sehemu yake ya bei ghali zaidi itakuwa inaelekea kumalizika. Mnunuzi wa Nairobi anaweza kujikuta amenunua mwili wa gari na maiti ya betri, na nchi ikabaki na taka ambazo haijawa na mahali pa kutosha pa kuzishughulikia.

Jambo hilo litakuwa la kusikitisha, kwa kuwa Kenya ni miongoni mwa nchi zinazolifaa gari la umeme zaidi. Takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, jua, na upepo, ukiwamo ule wa Loiyangalani. Mabasi na pikipiki za umeme zimekwisha kuanza kuunganishwa nchini. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya kibinafsi ya petroli na dizeli mwaka wa 2024, na Rwanda ikaacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini Kigali mwaka wa 2025.

Hoja ya viwanda

Si haki kuzipuuza hoja za wenye viwanda. Sekta ya magari huwaajiri watu wapatao milioni 13 barani Ulaya, moja kwa moja na kupitia biashara zinazoitegemea. Desemba 2024, Volkswagen ilikubaliana na vyama vya wafanyakazi kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani kufikia mwaka wa 2030. Magari ya umeme ya China ni ya bei nafuu, vituo vya kuchaji havijasambaa kwa usawa, na mteja hawezi kulazimishwa kununua asichokimudu. Makataa yasiyojali hali hizo yaweza kuzaa upinzani utakaoizika sheria yenyewe.

Hata hivyo, hoja hizo si ngeni. Ndizo zilizosikika Detroit mwaka wa 1970. Aidha, China haikuwatangulia Wazungu kwa kuwa na malengo legevu, bali kwa kuwa na yaliyo thabiti. Kiwanda hupanga gari jipya miaka mingi kabla ya kuliuza. Kinachokiumiza zaidi ya sheria kali ni sheria inayobadilika kila serikali inapobadilika.

Kwa Kenya na jirani zake, funzo ni kutosubiri Brussels, Tokyo wala Washington ziamue. Mnunuzi naye ana nguvu ya kuweka masharti. Pamoja na umri, gari linaweza kudaiwa cheti cha moshi na cheti cha afya ya betri kabla ya kupakiwa melini, na ile pasipoti ya betri inayoanza Ulaya mwaka wa 2027 inaweza kutakiwa na Mombasa pia. Nchi za Afrika Mashariki zikiweka sharti hilo kwa pamoja, kama zilivyofanya kuhusu dizeli, hakuna muuzaji atakayepata mlango wa nyuma Dar es Salaam baada ya kufungiwa Mombasa.

Petroli yenye risasi haikuondoka kwa sababu waliyoiuza waliona haya. Iliondoka kwa sababu tarehe iliwekwa na ikaheshimiwa. Meli zitaendelea kutia nanga Kilindini, zikiwa na magari ambayo nchi nyingine zimemaliza kuyahesabu. Hesabu ya pili itabidi ifanywe na wale watakaouvuta moshi wake.